Laki Tisa

Nimekuja Gerezani na laki tisa,
nataka ekzosi ya kunguruma,
Kimara nzima ijue nimerudi.

Fundi Shomvi hajibu. Anafungua boneti,
ananusa oili kama mpishi anusavyo mchuzi.
"Joto hili la Dar, tabo inavuta moto.
Kipoza-hewa kwanza."
Kisha anapiga magoti gurudumuni:
pedi za breki zimebaki ukucha.
"Kukimbia linajua. Kusimama, je?"

Namkumbuka muuza karanga pale Mwenge,
alivyoruka, sinia juu.
Simwambii.

Nahesabu noti: pedi, diski, mipira,
kipoza-hewa cha mtumba.
Ekzosi inabaki ukutani, inang'aa.

Usiku, Barabara ya Morogoro,
nakanyaga, naachia;
tabo inapiga mluzi mwembamba,
wangu peke yangu.
Na kwenye taa za Magomeni linasimama
kama limeitwa jina.