Nani Kachora

Wanasema imechorwa. Kwa mkono. Kwa brashi
nyembamba kama ukope wa mtoto.
Nimesimama mbele yake ukumbini, Upanga,
kofia mkononi, na sisadiki.

Miaka thelathini na minne nilipiga picha Magomeni Mapipa,
studio ya mlango mmoja, pazia la mawingu,
kitana kimefungwa kamba kisiibwe.
Picha ya kamera naijua kama mwokaji ajuavyo mkate:
nautazama ukingo tu.
Na huu mwanga shavuni, kushoto,
ni taa yangu iliyoning'inia vibaya.
Huyu ni Bi Siwema, kitambulisho cha kiwandani,
mwaka ule wa foleni za sukari.
Nilimwambia, "Kidevu juu kidogo, mama."
Kidevu hicho hapo. Kiko juu kidogo.

Basi msinichezee.
Hii ni picha yangu. Mmeikuza, mkaikuza,
mkaichapa kwenye turubai,
mkaipaka vanishi ing'ae, mkaiwekea bei.

Naisogelea. Mlinzi anakohoa.
Natafuta zile nukta za mashine.
Sizioni. Nafuta miwani kwa shati.
Sizioni.
Kila unywele umeshika njia yake.
Nanusa: tapentaini. Bado sisadiki;
siku hizi hata harufu huuzwa kwenye chupa.

Ndipo nikaliona kovu.

Chini ya jicho la kulia, dogo, punje ya mtama,
limeivuta ngozi kidogo upande.
Kwenye picha yangu halimo.
Najua halimo, maana nililiua mimi,
usiku, juu ya negativu, kwa penseli
iliyochongwa mpaka ikawa sindano,
nimebana pumzi.
Hakuniomba. Nilidhani namsitiri.
Wote niliwasitiri: chunusi, ndui, mikunjo ya njaa.
Magomeni nzima imetundika ukutani nyuso
nilizozilainisha mimi,
na kila mwenye nyumba hukuambia: huyu ndiye, hasa.

"Umelijuaje?" namuuliza mchoraji, binti yake, Stumai.
Rangi imemgandia kwenye kucha.
"Nilikuwa nalishika nikinyonya," anasema.
"Nisipolishika, silali.
Picha yako ilinipa kola ya gauni, mzee wangu.
Na sikio."

Nyumbani nimelitoa bati la biskuti chini ya kitanda.
Negativu yake ipo, imejikunja kama jani kavu.
Pamba ninayo. Tapentaini nimekopa kwa jirani
anayepaka milango.
Nasugua polepole, duara juu ya duara;
weusi wa penseli unahamia kwenye pamba.
Naiinua kwenye balbu.
Pale chini ya jicho, kitundu cha mwanga.

Mjukuu anachungulia: "Babu, unachora?"

Vidole vyangu vinanuka kama ile picha.