Ratili za Dirisha la Nne

Dirisha langu ni la nne, ukipita mashine ya soda,
ofisi ya leseni za udereva, Salina, Kansas.
Miaka ishirini na miwili nimekalia kiti hikihiki
nikiuliza swali ambalo hata daktari huliuliza kwa sauti ya chini:
Una ratili ngapi?

Mzani hatuna. Serikali haikununua.
Serikali, kwa hili tu, inaamini neno la mtu.

Basi mimi ni karani wa uongo mdogo mdogo.
Bwana Harlan Dietz ni wa futi sita tangu ujana wake,
ingawa kaunta yangu inamfika kifuani.
Bibi Orpha Lindquist ana ratili mia na thelathini tangu harusi;
mume amezikwa, watoto wamehamia Denver,
ratili zimebaki palepale kama saa iliyoishiwa betri.
Sicheki.
Leseni yangu mwenyewe imemwandika msichana fulani
ambaye leo ningempita njiani nisimjue.

Lakini nimegundua jambo:
hakuna anayedanganya ovyo.
Wote huelekea upande mmoja,
kama maji yanavyoujua mtaro.
Na huko mtaroni amesimama mtu mmoja,
yule wa kwenye bango la barabara kuu,
anayeuza bima Januari, dawa ya meno Machi,
kiuno kilekile, mwanga uleule wa asubuhi.
Dirishani kwangu hajafika hata siku moja.

Halafu kamera.
Fundi aliyeifunga alijipimia yeye mwenyewe.
Mwenye kiti cha magurudumu inampiga paji la uso
na pazia tupu la buluu.
Mama Ernestine Gaddis, mweusi wa kung'aa,
kofia ya kanisani ameivua, mikono ameikunja,
mashine ikaandika: *Uso haukuonekana. Rudia.*
Tulirudia mara tano.
Alicheka mara ya kwanza tu.

Juu ya kichwa changu ametundikwa gavana,
mabega, tai, bendera.
Siku moja ofisi ilipokuwa tupu nilipanda kiti,
nikaichunguza fremu mbele na nyuma:
ratili zake hazikuandikwa popote.

Februari, theluji ya kufika magotini,
aliingia Wendell Kuykendall, dereva wa lori la nafaka.
Viti vyetu vya plastiki alivitazama, akaamua kusimama.
Foleni nzima ikageuza macho
kwa adabu ile inayouma kuliko kukodolewa.
Nikamuuliza.
"Mia nne na kumi na mbili," akasema,
kama mtu anayetaja mtaa anaokaa.
"Andika."
Vidole vyangu, Mungu anisamehe,
vilitaka kumpunguzia,
kama muuza duka anayemwonea mteja huruma.
Nikaandika zote.

Swali la mwisho ni la kisheria, nalisoma kwenye kadi:
Ukifa, utakubali kutoa viungo vya mwili wako?
"Vyote," akasema. "Macho, figo, ini.
Na ngozi. Ngozi ninayo ya akiba."
Aliyecheka ni yeye peke yake,
kisha nami, kwa kuchelewa.
Nikawaza: huko hospitali, usiku wa manane,
atakayeipokea figo hii
hatauliza ilikuwa ikiishi kwenye tumbo la nani.

Nikabonyeza. Kwenye kona ya kadi
ukatokea moyo mwekundu, mdogo kama punje ya mtama,
saizi moja kwa watu wote.

Mwezi wa tano leseni yangu ikaisha muda.
Nikazunguka kaunta, nikapanga foleni kama wengine
hadi dirisha la tatu, kwa Joylene.
Nje, mtu wa bango alikuwa ameanza kuuza magodoro.
Joylene akaniuliza, bila kuinua macho.
Nilimkumbuka Wendell. Wallahi nilimkumbuka.
Nikapunguza kumi na tano.