Hesabu za Usiku

Kutaisi, mwezi wa tatu. Theluji inachuruzika paani.
Mwalimu Nodari kaja na mkate,
kaukata vipande vinane sawasawa:
"Darasa limekuacha, Tekle. Tuanze na sehemu."

Tekle kavuta kofia ya sufu
ifunike nywele mpya, manyoya ya kifaranga.

"Matone ishirini kila dakika," kasema.
"Chupa ya matone elfu sita
ikiisha saa tisa usiku,
muuguzi aliitundika saa ngapi?"

Nodari kahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.
"Saa tano?"

"Saa nne. Mvua ilikuwa ikinyesha."

Kisha kamsogezea penseli, taratibu,
na thumuni ya mkate.
"Usiogope, Mwalimu.
Hata mimi mwanzoni nililia."