Sufuria ya Saa Nane

Mchana, hapa Mvara, mimi ndiye mshika futi.
Nazungusha utepe viuno vya watu,
naandika daftarini: thelathini na nne, arobaini,
na mwanamke akivuta tumbo ndani namwambia, pumua, mama,
gauni halishonewi pumzi iliyofichwa.

Kiuno changu sijakipima tangu mwaka wa ukame.

Usiku ulikuwa na kazi yake.
Saa nane, jenereta ya jirani imezimwa,
nashuka kitandani kama anayekwenda kuiba
katika nyumba anayolipia kodi mwenyewe.
Siwashi taa. Mkono unaijua njia:
mfuniko, ukoko wa posho, mchuzi ulioganda,
mkate mzima bila chai,
kopo la odii kwa kidole, kisha kwa vidole,
kisha kwa kijiko, maana vidole vinachelewa.
Nimesimama. Siku zote nimesimama.
Njaa huketi chini, huomba maji ya kunawa.
Hii haikuwa na adabu ya njaa.

Asubuhi nilijihukumu:
bila chai, bila muhogo, hadi kengele ya jioni ya Ediofe,
nakata vitambaa mkono ukitetemeka,
nasema leo nimeweza, leo nimeweza,
na saa nane inanisubiri jikoni, imekunja mikono.

Watu watasema ni njaa ya uhamishoni,
kule Congo, tulipokula kumi na mmoja sinia moja
na mtafunaji wa polepole alilala akisikiliza tumbo lake.
Huenda. Lakini dada yangu Ayikoru alikula sinia lilelile,
naye huacha nyama sahanini akaenda zake kupiga soga.
Nimechoka kulitafuta jibu
kama sindano iliyoanguka sakafuni.

Kliniki nilikwenda kwa ajili ya goti.
Nesi Anguzu akauliza goti, akauliza usingizi,
akauliza, bila kuinua macho: Unakula na nani?
Nikalia mbele ya mizani ambayo hakunipandisha.

Hakunipa orodha ya haramu.
Alisema, kula asubuhi.
Mimi? Baada ya usiku kama ule?
Hasa baada ya usiku kama ule.

Nilianza vibaya. Uji wa mtama ulinikaa kooni kama kosa.
Nikanunua kigoda, nikajiwekea sharti moja: kuketi.
Hata saa nane, ikibidi, basi kwa taa na sahani.
Mara ya kwanza nilikula vyote, nimeketi, nikijiona.
Lakini ni vigumu kuiba mbele ya taa.

Jumanne moja ya mvua, chapati saba.
Naziandika kwa sababu zamani ningeandika sifuri.
Kulipokucha nikapika uji, nikaunywa.
Huo ndio muujiza wenyewe. Haukupigiwa kengele.

Sasa Letaru, mwanafunzi wangu wa charahani,
huleta enyasa ya mama yake, imefungwa kitambaani, bado moto.
Saa saba tunasogeza mikasi, tunanawa,
yeye anasimulia, mdomo umejaa, habari za kijana wa Onduparaka,
nami namega tonge, nachovya kwenye mboga ya simsim
na, sijui nielezeje, lina ladha.
Miaka yote ile nilimeza tu.
Sikujua simsim ina uchungu kidogo mwishoni,
uchungu mzuri, kama wa mtu anayekwambia kweli.

Saa nane bado hupita dirishani. Siku nyingine huingia.

Jana lilibaki tonge moja.
Letaru akauliza, humalizi?
Zamani ningelimeza kabla ya swali,
au ningelikataa na kulirudia gizani.
Nikaliuliza tumbo, taratibu, kama unavyomuuliza mgeni
aliyenyamaza muda mrefu barazani.
Likajibu: bado kidogo.

Nikalila, nimeketi,
mchana kweupe,
mlango wazi, wateja wakipita.