Vioo Viwili kwa Nsimire

Kadutu, juu kidogo ya soko,
dada yangu ana saluni ya vioo viwili vinavyotazamana.
Fundi Cishugi alivipigilia akidai chumba kitaonekana kikubwa.
Hakikuonekana kikubwa.
Kilionekana hakina mwisho.

Nilikwenda kumlipa deni,
chaki bado vidoleni, kelele za darasa la sita
hisabati-fizikia bado masikioni,
umeme ukakatika.
Nsimire, mkono mmoja ndani ya msuko,
akawasha mshumaa kwa mkono wa pili.

Nikaona barabara.
Mshumaa, nyuma yake mshumaa, nyuma yake tena,
hadi kioo kikaingia ukijani, kikaingia giza;
na katika kila mwanga Nsimire,
mara uso, mara kisogo, mara uso, mara kisogo,
na mteja wake, mama muuza sambaza, anauliza:
“Hawa bote banataka kusukwa?”
“Bote,” dada akajibu. “Lakini analipa mmoja.”

Miaka minne nina daftari lililojaa mizizi.
Si ya muhogo. Mishale tu, midogo,
inayochomoza kutoka sehemu moja
na kuuambia muundo mzima namna ya kusimama.
Mwalimu Bashizi alituonyesha kwa vioo vya mfukoni:
vifungue kama kitabu, digrii sitini,
mzizi unarukia huku, unarukia kule,
unarudi nyumbani. Sita. Ua limekamilika.
Digrii arobaini na tano, nane. Thelathini, kumi na mbili.
Unahesabu, unakunja daftari, unalala.
“Ila siku vioo vitakapokataa kukutana,” alisema,
“msinisubiri. Sitamaliza kuhesabu.”

Nsimire hajasoma hayo.
Lakini mwambie avushe uzi kushoto kisha kulia,
halafu mwambie kulia kisha kushoto,
atakucheka: si kitu kimoja hicho!
Na hiyo tofauti, dada, hicho kilichobaki
ukitoa msuko huu kwenye msuko ule,
ndiyo aljebra yote ninayokesha nayo,
ambayo vipimo vyake havina wa mwisho.

Mizizi ya mwanzo ni miwili tu.
Mingine yote ni hiyohiyo miwili
imerushwa na kioo, ikadakwa na kioo.
Isipokuwa mmoja.
Jumlisha ile ya mwanzo, utaupata:
kioo cha kulia hakiugeuzi,
cha kushoto hakiugeuzi,
unapita katikati kama mtu asiyedaiwa.
Urefu wake sifuri, na wenyewe si sifuri.
Vitabuni wanauita wa kufikirika.
Jina baya. Ndio unaoipa mingine yote hatua.

Nikautafuta kwenye ile barabara.
Niliangalia mwali, haukuwa mwali.
Nikaangalia nyuso. Nikaangalia ile mikono
mingi ya dada yangu, yote ikivuta uzi mmoja.
Ulikuwa pale pasipowaka:
kutoka mshumaa hadi ndugu yake wa pili,
nafasi ile ile, tena ile ile, tena,
mtaa mzima wa giza lililopimwa vizuri.

“Unatazama nini, mwalimu?”
Nilitaka kusema. Kiswahili changu kikafika nusu.
Nikasema, “Kichwa cha huyu mama kimependeza.”
“Kipi?” mama akauliza, akigeuka,
na vichwa vyote vikageuka, nusu huku, nusu kule.

Umeme ukarudi na redio ya jirani
ikarudi katikati ya neno.
Nsimire akapuliza mmoja.
Ikazimika yote.

Nilishafika Nyawera, na noti bado mfukoni,
zimelowa jasho la mkono,
ndipo nikakumbuka nilichokuwa nimeendea.