Kwa Futi Moja ya Ufuo

Huku kaskazini ya Wisconsin nyumba haihesabiwi kwa vyumba.
Inahesabiwa kwa upana wa maji yaliyo mbele yake:
futi mia za mchanga, futi arobaini na mbili za matete,
zikakatwa na kuuzwa kama kitambaa kutoka kwenye jora.
Mimi ndiye mwenye kamba.
Mthamini wa wilaya, mwaka wa kumi na tisa huu,
buti za mpira, daftari, penseli sikioni.
Mbwa wote wa Ziwa Pelkie wananijua kwa harufu.

Nilipoanza, futi moja ilikuwa dola mia na themanini.
Wenyewe walikuwa watu wa kiwanda cha karatasi,
waliojenga vibanda Jumamosi kwa Jumamosi,
choo nje, bia kwenye ndoo.
Kiwanda kikafungwa; bei, ajabu, ikapanda.
Kisha yakaja maradhi yale ya kufungiana ndani,
na watu wa Chicago wakagundua kuwa ofisi hubebeka.
Wakanunua kwa simu. Wakanunua usiku wa manane.
Mmoja alinunua Februari, ameona weupe mtupu,
akamuuliza dalali, "Ziwa lenyewe linaanzia wapi?"
Corinne Bolduc, mdomo wake asali, akamjibu,
"Pale utakapo lianzie."

Leo futi ni dola elfu mbili na mia nne.

Si mimi niliyepandisha, huwa nawaambia.
Mimi kioo tu: jirani akiuza,
nyumba yako inajiona humo imenenepa.
Hawacheki.
Kioo hakitumi bili ya kodi.

Elvera Haukkala: miaka themanini na minne, futi mia na kumi.
Ndiye aliyenifundisha hesabu darasa la sita.
Alivaa miwani, akapitia karatasi yangu mstari kwa mstari,
kidole kikitembea polepole chini ya tarakimu.
"Ulikumbuka kubeba moja?"
Nilikumbuka, mwalimu.
"Basi ni kweli," akasema, akaikunja mara nne,
akaiweka chini ya kopo la sukari,
pamoja na ile ya mwaka jana.

Akanichukua hadi banda la mashua.
Nyuma ya mlango, kwa penseli ya seremala,
siku barafu ilipoliachia ziwa, kila mwaka tangu 1971.
Mei 3. Aprili 29. Mei 6.
Mwandiko wa marehemu Toivo, mzito, umechimba mbao.
Halafu mwandiko wake yeye:
Aprili 20. Aprili 22. Aprili 11.
Machi 30, na alama ya kuuliza,
kana kwamba ziwa limekosea hesabu.
Namba zao zilirudi nyuma
miaka ileile zangu zilipokwenda mbele.

"Na mlango huu umeuandikia kiasi gani?"
Nilifungua daftari ingawa nilijua.
*Banda, limeinama upande wa magharibi. Thamani: hakuna.*
"Afadhali," alisema. "Hautalipiwa kodi."

Aliuza Septemba. Alihamia ghorofa ya pili mjini,
dirisha linatazama maegesho ya benki.
Wanunuzi, madaktari wawili, watu wema kabisa,
walinipa kahawa, wakaniuliza habari za mbu.
Tingatinga lilimaliza asubuhi moja.
Mlango sikuuomba. Nilikuwa na gari kubwa, na nafasi, na sikuuomba.

Sasa pana vioo virefu kama vya uwanja wa ndege,
na taa zinazojiwasha zenyewe saa kumi na mbili
ili mabata waone ngazi.

Leo asubuhi nimepita kupima gati jipya.
Upepo ulikuwa umefanya kazi usiku;
maji yalikuwa wazi, meusi, yakipumua,
na vipande vya mwisho vikigongana ufuoni
kama vikombe vinavyooshwa chumba cha pili.
Hapakuwa na mtu.
Kwenye safu ya maboresho nikaandika: Machi 24.

Mchana kompyuta ya wilaya imeikataa.
*Thamani si sahihi. Ingiza upya.*
Nimeiingiza upya.