Ukoga

Jumapili, kabla kengele ya pili haijagongwa huku Sakina,
naiweka mashine juu ya gazeti la wiki iliyopita
na kuikagua kama ninavyokagua mdomo wa mgonjwa:
fungua. Zaidi. Usiogope.

Pale chujio linapokaa, mafuta ya kahawa yameganda,
meusi, yananuka jivu na siagi iliyochacha.
Nachukua mswaki, wa mtoto, laini,
niliochomoa kwenye boksi la sampuli kazini,
nazungusha polepole kwenye ufizi wa mpira.
Mpira wenyewe si wake. Wa kwanza ulipasuka mwezi wa tatu,
na Fundi Kirway pale Kilombero akanikatia mwingine
kutoka kwenye presha kuka iliyokufa.
"Dada, huu utakuzika," akasema.
Sijui ilikuwa dhamana au tishio.

Niliinunua kwa karani wa mahakama ile ya kimataifa
siku anafungasha. Alitaka ninunue na pasi.
Alinionyesha kila kitufe,
akasahau kunionya juu ya maji.

Maji ya Arusha, jamani.
Yanaingia maangavu, yanatoka yameacha deni.
Ndani ya boila yalijenga ukuta,
kikombe kwa kikombe,
hadi mvuke ukawa unakohoa
na kahawa inadondoka kama chenji ya mtu mchoyo.

Basi unga wa ndimu, vijiko viwili, maji lita moja.
Washa. Subiri. Zima. Subiri.
Kwenye bomba la mvuke ukatoka uji wa kijivu,
vipande kama maganda ya mayai,
halafu mchanga, halafu ukungu,
halafu maji, maji tu.
Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni.

Laiti.

Jumatano alikuja Ndeninsia, binti wa Ngarenanyuki,
miaka kumi na saba, kiganja mdomoni
hata anapotaja jina lake.
"Nisugue, dada. Sugua hata kama inauma."
Nikawasha taa nikaona ninachokijua:
hudhurungi, mistari kama ya gogo lililokatwa,
kisima cha kwao kimejiandika humo
kabla yeye hajajua kuandika.
Ukoga niliutoa, ukatoka. Rangi ikabaki.
Nikamwambia, huu si uchafu,
umo ndani ya jino, mmekua pamoja,
hakuna mswaki wala ndimu ya kuufikia.
Hakujibu. Akatazama barakoa yangu
kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe.
Nikaishusha.
Nikamwonyesha yote, hadi magego.

"Kumbe na wewe."
"Kumbe na mimi. Tena kisima kilekile,
kile cha karibu na josho."

Nasuuza mara tatu, uchachu uishe.
Kisha najaza tangi, maji yaleyale ya bombani,
maana mengine nitayatoa wapi;
ukifika Agosti ukuta utakuwa umeanza upya
na mimi nitakuwa hapa na gazeti langu.
Kikombe cha kwanza namwaga, bado kina ndimu.
Cha pili nakunywa nimesimama mlangoni,
kahawa ya shambani kwa mama, chungu, nzito, safi.
Mama Nnko anapita na Biblia kwapani:
"Leo tena, mwanangu? Ibada umeifanyia jikoni?"

Nikacheka,
mkono mmoja una kikombe,
wa pili una mswaki.